Nimesoma Diploma Mara Mbili

Cheti changu cha kwanza kiko ndani ya kasha la mamangu, chini ya leso zake za arusi. Kina mhuri mwekundu na utepe wa rangi ya dhahabu, na jina langu limeandikwa kwa herufi za kupinda. Kilitugharimu shilingi 149,000 na hakijanipatia kazi hata ya siku moja. Cha pili ni karatasi isiyo na pambo, ina jina la KNEC, baraza la mitihani la taifa, na namba yangu ya mtihani, na hicho ndicho kinachoniweka mjini.

Naandika haya kwa sababu kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yanapotoka, hapa Malindi naona nyumba nyingine ikianza kupita njia ile ile tuliyopita sisi. Mtoto amepata C, mama ana pesa za mchezo mkononi, na kuna mtu mwenye suti anayewaambia kila kitu kiko sawa.

Matokeo yangu yalitoka Machi 2015. Nilipata C kavu. Kwa asiyejua hesabu hizi, alama ya chini ya kuingilia digrii Kenya ni C+. Diploma inataka C- kwenda juu, na chini ya hapo kuna cheti cha ufundi na kozi za ufundi wa mkono. Kwa hiyo mimi nilikosa digrii kwa ngazi moja, na diploma nilikuwa naitosha na kuizidi. Lakini nyumbani kwetu Shela, hii Shela ya Malindi si ile ya Lamu, hakuna aliyeisoma hivyo. Ami yangu alikuja jioni ile ile, akaketi barazani na babangu, akasema kwa sauti niliyoisikia mpaka chumbani, "Huyu mtafutieni cherehani, msipoteze pesa."

Baba ni mvuvi, na si mtu wa maneno mengi. Hakumjibu nduguye. Mimi nikalia usiku kucha, na asubuhi nikaamua kwamba kama si digrii basi sisomi.

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na sikulazimishwa na mtu. Vyuo vya serikali vilikuwa na nafasi za diploma, wenzangu wenye C- walikwenda kuziomba, nami sikuuliza hata moja. Nilikuwa nimeamini kwamba diploma ni makombo ya digrii, anayepewa ni aliyeshindwa. Nikakaa nyumbani mwaka mzima nikimsaidia mama kukaanga viazi vya karai, na kila aliyenunua aliniuliza nasoma wapi.

Mwaka ulipokwisha sikuwa na haya tena ya kusoma diploma. Nilikuwa na haya ya kukaa nyumbani. Na mtu mwenye haya ya namna hiyo haulizi maswali, anataka tu pa kwenda asubuhi.

Chuo kilikuwa mjini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ofisi ilikuwa safi, ina zulia na feni, na ukutani zilitundikwa picha za vijana waliovaa majoho. Mwenyewe alitupokea kwa heshima kubwa. Alimwita mamangu "mama mkubwa", akatuletea soda, akatuonyesha orodha ya kozi. Akatushauri diploma ya usimamizi wa hoteli: mihula mitano, kila muhula 28,000, na mtihani wa mwisho 9,000. Akasema hoteli za Malindi na Watamu zinawangoja wanafunzi wake.

Nikikumbuka sasa, jibu lilikuwa mbele ya macho yetu. Mwaka 2014 Mpeketoni, kule Lamu, ilikuwa imeshambuliwa, nchi za Ulaya zikawaonya raia wake wasije pwani, na hoteli kadhaa zikafunga milango. Majirani zetu waliokuwa wapishi na wahudumu walikuwa wamerudi nyumbani wakiuza samaki. Tuliwaona kila siku, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumuuliza mmoja wao, "Hivi, hoteli zinaajiri?" Tulimuuliza mwenye chuo.

Mama alitoa pesa za mchezo wa wanawake wa mtaa, zamu yake ilikuwa imefika. Muhula wa tatu zikaisha. Siku moja niliona mikono yake mitupu, zile bangili mbili za dhahabu alizopewa na mamake hazipo. Nilipomuuliza akasema zilikuwa zikimbana. Nilijua, na nikanyamaza.

Kuhusu masomo yenyewe sina mengi ya kusema. Tulifundishwa kupanga meza ya chakula juu ya dawati, kwa uma zilizokatwa kwenye katoni. Katika mihula mitano sikuingia jikoni hata mara moja. Mwalimu alibadilika mara nne. Mtihani wa mwisho alitunga mwalimu, akasimamia mwalimu, akasahihisha mwalimu, na matokeo yakatoka baada ya wiki. Agosti 2017 tukakodi majoho, mama akapika pilau, na ami yangu akaja kula.

Nilizunguka na cheti kile miezi miwili. Mahali pengi walipokea nakala wakasema watanipigia. Hoteli moja Watamu ndiyo iliyonifungua macho. Mama wa makamo wa ofisi ya wafanyakazi alikichukua, akakisoma mbele, akakigeuza nyuma, akakigeuza tena mbele.

"Binti, namba yako ya mtihani iko wapi?"

Sikumwelewa. Nikamwonyesha namba yangu ya chuo.

"Hii ni ya chuo. Nani aliyewatahini?"

"Chuo."

Alinyamaza kidogo. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kitu cha msiba. Akaniambia, "Mwanangu, hii hawatakupokea popote. Si kwamba hujui kazi. Ni kwamba hakuna anayeijua karatasi hii nje ya mlango wa waliokupa."

Nilipanda matatu ya Malindi nikaenda moja kwa moja chuoni. Mlango ulikuwa na kufuli na kibao kimeng'olewa, mashimo ya misumari yamebaki ukutani. Kijana wa duka la chini akaniambia wamehama mwezi uliopita, hajui wapi.

Sikumwambia mama. Hili ndilo linaloniuma kuliko zile pesa. Miezi minne nilikuwa nikimwambia nangoja kupigiwa simu, naye miezi minne alikuwa akiniombea kila baada ya sala. Alikuja kujua kwa mtu mwingine, mama wa msichana tuliyesoma pamoja. Aliporudi hakunigombeza. Alichukua kile cheti, akakipangusa vumbi, akakiweka kwenye kasha. Mpaka leo hataki nikichane. Nikimwambia hakina faida ananijibu, "Hiki ndicho nilichokilipia."

Basi kama umefikwa na jambo kama langu, waambie wa nyumbani siku hiyo hiyo. Wangejua mapema tungetafuta wenzetu, tungekuwa wazazi kumi na tano pamoja badala ya kila mmoja kuficha aibu yake chumbani. Tulipokuja kukutana, ulikuwa umepita mwaka na hakuna aliyekuwa na risiti zote.

Mwaka 2018 nilipata kazi ya usafi katika nyumba ya wageni, shilingi 9,000 kwa mwezi. Ni huko nilikokutana na kazi yangu. Usiku mmoja wa kusi, mvua na upepo, taa za upande wa bahari zikazimika. Asubuhi akaitwa fundi kutoka Mombasa. Alifungua kisanduku cha nje, akaniita nimshikie tochi. Ndani, nyaya za shaba zilikuwa zimeota ukungu wa kijani kama mwani. Akazikata pale zilipooza, akazimenya upya mpaka ikatokea shaba nyekundu inayong'aa, akazibana, akapaka mafuta mazito, akafunika kwa mpira mpya. "Hii ni chumvi," akaniambia. "Pwani nzima inaliwa hivi, na mafundi wanaojua ni wachache." Alitumia chini ya nusu saa akalipwa 4,500, nusu ya mshahara wangu wa mwezi.

Nilimuuliza alisoma wapi. Akasema diploma ya umeme, chuo cha serikali, miaka mitatu. Nikamuuliza swali nililopaswa kuuliza mwaka 2016. "Mlitahiniwa na nani?" Akacheka, akasema, "KNEC. Wewe nani amekufundisha kuuliza hivyo?"

Safari hii sikumpa mtu hata shilingi kabla ya kujua. Ilinichukua kama miezi mitatu, na naieleza kwa urefu kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Kwanza nilitazama kama chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya kiufundi tangu sheria yake ya 2013. Orodha iko kwenye tovuti yao, na ukiwa huna bando nenda saiba mtu akufungulie. Lakini usiishie hapo, maana chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na kozi unayoitaka isiwe katika zile kilizoruhusiwa kufundisha. Uliza kozi kwa jina lake kamili. Kisha uliza nani anayetahini. Wakati ule kozi nyingi za diploma zilitahiniwa na KNEC, lakini zile za mfumo mpya wa umahiri ziko chini ya baraza jingine, TVET CDACC, na uhasibu una KASNEB. Jibu likiwa "tunatahini wenyewe" au "tuna ushirika na chuo cha ng'ambo," usilipe siku hiyo. Omba namba ya kituo cha mtihani, kisha usiiulizie kwa aliyekupa, iulizie kwa wanaotahini wenyewe. Mimi nilipiga simu mara tano mpaka nikajibiwa. Mara tano za simu ni rahisi kuliko mihula mitano.

Jambo lingine ambalo sikulijua ni kwamba KCSE yangu ilikuwa haijapitwa na wakati. Nilidhani mwenye matokeo ya zamani hana nafasi. Niliomba kupitia KUCCPS, wanaowapangia wanafunzi vyuo, kama waliomaliza juzi, wakatazama alama zangu za hisabati na fizikia, nikapangiwa diploma ya umeme Mombasa, Septemba 2019.

Karo sasa. Wakati ule chuo cha ufundi cha serikali kilikuwa 56,420 kwa mwaka. Serikali ililipa 30,000, mimi nikabakiwa na 26,420, na HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, walinipa mkopo uliosaidia hapo. Miaka mitatu ikawa 79,260. Ile karatasi ya kwanza ilikuwa 149,000. Nilipomwonyesha mama hesabu hii alikaa chini kwenye jamvi akarudia tarakimu zile mara mbili, polepole. Tangu 2023 mfumo wa ufadhili umebadilika, kwa hiyo usitumie tarakimu zangu kupanga bajeti yako, lakini uliza kila mara ruzuku ni ngapi na mkopo unaombwaje. Watu wengi wa huku hawajui kwamba mkopo wa HELB si wa wanafunzi wa digrii peke yao.

Karo si gharama yote. Nilikaa kwa khalati yangu Majengo, nisingekuwa na khalati nisingeweza. Nauli ya Malindi na Mombasa, kilomita kama 120, nilikuwa nikiipata kwa kusuka nywele mwisho wa wiki. Buti za usalama, ovaroli, testa, plaizi yenye mpini wa mpira, vyote unanunua mwenyewe. Plaizi ya kwanza nilinunua ya bei nafuu, mpini ukapasuka wiki ya pili, na mwalimu akaitupa pipani mbele ya darasa zima, akasema hatamwandikia mama yeyote barua ya kumzika mwanawe kwa sababu ya shilingi mia mbili. Nunua nzuri mara moja.

Darasani tulikuwa wasichana wanne. Wavulana walitusaidia na wengine walitudharau, nami sitaki kulirefusha hilo. Lililonitesa ni hisabati. Nilikuwa na miaka mitano bila kushika kitabu cha hisabati, na karatasi moja ya hisabati nilianguka, nikairudia. Kisha Machi 2020 korona ikafunga vyuo, nikarudi Malindi kwa miezi mingi, na wanne kati yetu wakawa watatu. Yule wa nne aliolewa, hakurudi. Ninamkumbuka sana, alikuwa akinizidi katika vitendo.

Katika kipindi kile cha kukaa nyumbani ndipo dadangu alipoanza kunipigia simu. Ni mtoto wa khalati mwingine, alishinda bahati nasibu ya viza akaenda Marekani, yuko Minneapolis. Sisi tulikuwa tukimwona amefika. Siku moja nikamweleza ninavyoona haya kusema nasoma diploma, akaniambia, "Kwani mimi nina nini?"

Huko kuna digrii ya miaka miwili, wenyewe huiita asosieti. Husomwa zaidi katika vyuo vya jamii, vyuo vya karibu na kwenu visivyo na gharama kubwa, na kwa kawaida ni krediti 60, wakati digrii ya miaka minne ni 120. Akanisimulia kwamba chuo cha kwanza cha namna hiyo kilianza 1901 mji wa Joliet, jimbo la Illinois, kikiwa na wanafunzi sita, ili vijana wasome miaka miwili ya mwanzo bila kuhama kwao. Yeye alisomea uuguzi kwa njia hiyo. Akakaa mtihani wa leseni, NCLEX, ule ule wanaoukaa wenye digrii ya miaka minne, akafaulu, akawa muuguzi aliyesajiliwa kama wao.

Lakini naye alikuwa na kidonda chake. Kabla ya uuguzi alijiunga na asosieti nyingine ya kazi za ofisi, akaimaliza, na alipotaka kuendelea chuo kikuu wakamkubalia krediti chache tu. Hakujua kwamba asosieti hazifanani. Zile zinazoitwa za sanaa na za sayansi zimetengenezwa ili uendelee na digrii. Zile za sayansi tumizi zimetengenezwa ili uingie kazini, na krediti zake mara nyingi hazihamishiki zote. Zote mbili ni halali, zote zina kazi yake. Yeye alitaka mlango wa chuo kikuu akanunua ufunguo wa ofisi, na hakuna aliyemdanganya. Hakuuliza tu.

Maneno yake yalinifunza kitu ambacho hasira yangu ilikuwa imekificha. Mimi nilikuwa nikidhani tatizo langu lilikuwa mwizi mwenye suti. Alikuwa mwizi, ndiyo. Lakini hata diploma halali inaweza kukufikisha pasipo pako ikiwa hukuuliza, kabla ya kuanza, inakwenda wapi. Akina dadangu huuliza, "Chuo kikuu kipi kitazipokea krediti hizi, na nani amesema hivyo kwa maandishi?" Nikaanza kuuliza hivyo hivyo. Na kwa vijana wetu walio Marekani wanaofikiria kurudi, asosieti ukiileta Kenya usiitangaze kama digrii kamili, wala usikubali mtu akuambie si kitu. Ipeleke KNQA, mamlaka ya taifa ya sifa za elimu, itambuliwe na ilinganishwe. Katika mfumo wetu wa kitaifa diploma iko ngazi ya 6 na digrii ya kwanza ngazi ya 7, na ni bora ujue unasimama wapi kabla mwajiri hajakuambia.

Chuo kilipofunguliwa nilirudi na kichwa kingine. Nilipofika atachi nikafanya kosa langu la mwisho kubwa, nilichukua barua ya chuo nikachelewa. Nilidhani miezi mitatu ya mafunzo kazini ni kitu cha kupangiwa. Kumbe nafasi za Malindi zilikuwa zimechukuliwa wiki tatu kabla. Nikapata kampuni ndogo ya kufunga sola, watu sita na pikapu moja, na nikaona nimekosa bahati. Ndiyo iliyonilea. Kampuni kubwa wangenipa kitabu cha kumbukumbu nijaze nikiangalia. Wale walinipandisha juu ya paa siku ya pili.

Tulifanya kazi ya nyumba moja ya zamani, kuta za matumbawe zenye unene wa dhiraa nzima. Drili ikiingia inakwenda vizuri kidogo, kisha inafika kwenye jiwe lenye tundu na kuzama ghafla, ukiwa hujajiandaa mkono unagonga ukuta. Mzee wa kazi, ambaye hakuwa na cheti chochote, alinifundisha kuweka sikio karibu na ukuta na kusikiliza sauti ya drili inapobadilika. Nami nilimfundisha kupiga hesabu ya unene wa waya kulingana na umbali kutoka kwenye paneli, kwa sababu alikuwa akikisia, na waya mwembamba ukienda mbali umeme hufika umechoka. Hapo nilielewa diploma inakaa wapi. Haikai chini ya digrii ikingoja. Inakaa katikati, kati ya mhandisi anayechora na mkono unaofunga, na mradi usipokuwa na mtu wa hapo katikati mchoro na ukuta havikutani.

Kampuni ile ndiyo iliyoniajiri nilipomaliza 2022, kwa 22,000. Si pesa nyingi, na watakaokuambia diploma inakutajirisha usiwasikilize. Kuna milango ambayo haifunguki kwayo. Siwezi kujiita mhandisi. Bodi ya wahandisi inataka digrii, na mimi ninasajiliwa na KETRB, bodi ya wanateknolojia na mafundi sanifu iliyotokana na sheria ya 2016. Leseni ya kufanya kazi za umeme na za sola hutolewa na EPRA, mamlaka ya nishati, kwa madaraja, na daraja hutegemea elimu na miaka ya kazi, kwa hiyo tunza kila barua ya mwajiri. Nimewaona wenzangu wenye ujuzi mkubwa wakikwama kwa kukosa barua ya mwaka mmoja. Nafasi nyingine za usimamizi hutangazwa zikitaka digrii tu, hata kama wewe ndiye uliyemfundisha kazi atakayepewa. Inauma, na nimelia kwa ajili ya hilo pia.

Kwa hiyo nimeanza kuitafuta digrii, jioni na mwisho wa wiki, na nikaanza na lile swali la Minneapolis. Chuo kimoja kilisema kitanihesabia masomo machache, kingine kikasema mengi zaidi, wote kwa mdomo. Nilisubiri barua. Aliyetoa barua ndiye niliyemlipa. Nikisoma sasa somo la mitambo ya umeme, mwalimu akichora ubaoni, mimi naona kisanduku na ile shaba ya kijani, na wenzangu waliotoka sekondari moja kwa moja huniuliza mimi baada ya kipindi. Nisingebadilisha hilo na miaka minne ya kwenda moja kwa moja.

Ami yangu alinipigia simu mwaka jana nikamtengenezee umeme wa kisima. Nilikwenda, nikamtengenezea, akanilipa. Hatukuzungumza habari za cherehani.

Wiki iliyopita alikuja jirani yetu, mama wa kijana mwenye C-. Kijana ametulia, anapenda mashine, anashinda gereji akiangalia. Mama ameuza mbuzi na kipande cha fedha cha arusi, na kuna chuo kimempa hadi Ijumaa alipe la sivyo nafasi itakwenda. Nilimuuliza kozi inaitwaje kwa jina kamili, hakujua. Nikamuuliza nani anatahini, akasema ataniletea karatasi. Karatasi ina picha za majoho.

Jumatatu tunakwenda pamoja kuuliza, yeye, mwanawe na mimi. Mamangu aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni ametoka akipangusa mikono, akasema naye atakuja. Kisha akamgeukia jirani akamwambia, "Lakini pesa ziache nyumbani."